Nani Anamsemea Mwenye Boma?



Juni 2023 Waziri wa Fedha, Dkt. Mwigulu Nchemba, alisoma bajeti bungeni Dodoma. Ndani yake mlikuwa na mapendekezo mawili ambayo yafaa yasomwe pamoja. Kwanza, nyumba mpya za makazi zinazouzwa na waendelezaji milki kwa bei isiyozidi shilingi milioni 50 zisamehewe kodi ya ongezeko la thamani (VAT). Pili, kila kilo ya saruji itozwe ushuru wa shilingi 20, yaani 1,000 kwa mfuko wa kilo 50. Yote mawili yakawa sheria.

Msamaha ule haukushuka kutoka mbinguni. Kwa miaka mingi Shirika la Nyumba la Taifa na waendelezaji binafsi walilalamika kuwa wao ndio wanaovuta barabara, maji na umeme hadi kwenye viwanja, gharama zinaingia kwenye bei ya nyumba, kisha mnunuzi anatozwa VAT ya asilimia 18 juu ya hayo yote. Hoja ina uzito, nami siikejeli. Kila mwaka Wizara ya Fedha hupokea mapendekezo ya kodi kutoka kwa wadau, na Kamati ya Bunge ya Bajeti huwasikiliza kuhusu Muswada wa Sheria ya Fedha. Mlango uko wazi. Wanaoupita ni wenye mhasibu, mwanasheria na nauli ya Dodoma.

Hapa Simiyu, mkoa wa watu zaidi ya milioni mbili kwa sensa ya 2022, nyumba nyingi hazijengwi na mwendelezaji yeyote. Mtu anauza pamba, anafyatua na kuchoma tofali. Msimu mwingine anamwita fundi aweke msingi. Mwingine kuta zinafika lenta. Hapo boma linasimama, pengine miaka, likingoja bati. Mkopo wa nyumba wa benki haumhusu: tangu kampuni ya TMRC ianzishwe 2010 ili kuzipa benki fedha za muda mrefu, mikopo hiyo nchi nzima bado inahesabika kwa maelfu machache. Huyu mwenye boma ndiye mjenzi mkuu wa nyumba Tanzania, na hana chama.

Tupige hesabu. VAT ya nyumba ya milioni 50 ni milioni 9. Mwendelezaji aliyesamehewa hawezi kujirudishia VAT aliyolipia vifaa, kwa hiyo kinachoiponyoka Hazina ni pungufu ya hapo. Hata tukikata theluthi mbili, inabaki milioni 3: ushuru wa mifuko 3,000. Na mwenye boma hasamehewi popote. Analipa ushuru, analipa VAT ya saruji, na VAT hiyo inatozwa hadi juu ya ushuru wenyewe, hivyo ile 1,000 inakuwa 1,180. Viwanda vikubwa viko Wazo, Tanga, Mtwara na Mbeya. Mfuko ukifika hapa Bariadi umeshabeba nauli ndefu, na mafuta ya lori nayo yaliongezewa shilingi 100 kwa lita katika bajeti ile ile.

Wenzetu wa nchi nyingine hawako salama zaidi. Novemba 2009 Marekani iliziruhusu kampuni zilizopata hasara zidai kurudishiwa kodi zilizolipa hadi miaka mitano nyuma. Wajenzi wakubwa wa nyumba, waliokuwa wamechangia kuvimbisha soko, walirudishiwa mamia ya mamilioni ya dola. Kenya mshahara unakatwa asilimia 1.5 kwa ajili ya nyumba nafuu, na mwajiri anaongeza kiasi hicho hicho. Angalau Mkenya anayaona makato yake kwenye karatasi ya mshahara. Ya kwetu yamejificha ndani ya mfuko wa saruji.

Sisemi waendelezaji wafungiwe mlango. Nasema jedwali la kila msamaha lichapishwe: nani aliuomba, umeigharimu Hazina shilingi ngapi, nyumba ngapi zimeuzwa na katika mikoa gani. Tukijua kwamba Simiyu haikupata hata moja, tutajua la kuuliza.

Na Wizara ilete kikao kimoja cha maoni ya kodi hapa kwenye viwanja vya Nyakabindi, wiki ya Nane Nane, wakati bajeti inayofuata haijaandikwa. Waalikwe mafundi, wenye maduka ya vifaa vya ujenzi, na wakulima wenye maboma.