Leja Isiyofutika na Mzani wa Chama



Katika majaribio yaliyoanza mwaka 2016, Frank Yiannas, aliyesimamia usalama wa chakula katika maduka ya Walmart ya Marekani, aliwataka wasaidizi wake wamweleze pakiti moja ya maembe yaliyokatwa ilitoka shamba gani. Jibu lilipatikana baada ya siku 6, saa 18 na dakika 26. Kumbukumbu zilikuwepo, ila mkulima, mfungaji, msafirishaji na mwenye ghala kila mmoja alitunza daftari lake. Maembe ya namna hiyo yalipoandikwa katika blokicheni iliyotengenezwa na IBM, jibu lilipatikana kwa sekunde 2.2.

Blokicheni ni leja inayotunzwa katika kompyuta za watu mbalimbali kwa wakati mmoja. Kila ingizo jipya hubeba alama iliyokokotolewa kutokana na maingizo yaliyotangulia. Atakayebadili tarakimu ya mwezi uliopita huharibu alama zote zinazofuata, na nakala za wenzake humsuta. Ni mfano wa stakabadhi yenye nakala kumi badala ya tatu, kila nakala ikiwa mkononi mwa mtu mwingine. (Umeme mwingi unaoteketezwa na Bitcoin usiwatishe wajumbe, leja za chakula kwa kawaida huendeshwa na washiriki waliosajiliwa, wasio na haja ya mashindano yale ya kukokotoa.)

Faida yake si ya mlaji peke yake. Mwaka 2018 saladi ya romaine yenye vijidudu vya E. coli iliwaugua Wamarekani 210, na 5 wakafariki. Kwa kuwa shamba lenye kosa halikujulikana upesi, wananchi walionywa waache romaine yote ya eneo la Yuma. Mkulima safi aliadhibiwa pamoja na mchafu, na chakula kizuri kikatupwa.

Kwa vyama vya kahawa jambo hili li karibu zaidi. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 inakataza kahawa iliyolimwa penye msitu uliokatwa baada ya tarehe 31 Desemba 2020, na inataka mahali pa shamba pajulikane. Utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja. Haidai blokicheni, ijapokuwa wauzaji wa mitambo hupenda kusema hivyo.

Lakini leja yenyewe haipimi gunia. Karani akiandika kilo 47 mahali pa kilo 50, leja itazihifadhi kilo 47 hizo kwa uaminifu mkubwa, na mkulima atakayelalamika ataonyeshwa ushahidi usiofutika dhidi yake mwenyewe. Kwa hiyo mzani ukaguliwe kwanza, uzito usomwe kwa sauti mbele ya mwenye mali, naye apewe stakabadhi kabla ya ingizo kutumwa.

Lipo pia suala la mwenye leja. TradeLens, leja ya mizigo ya meli iliyoanzishwa na Maersk na IBM, ilitangazwa kufungwa Novemba 2022, kwa sababu ushirikiano wa wafanyabiashara wengine haukutosha. Kamati inayoletewa mkataba wa aina hii idai iandikwe waziwazi: nani atamiliki ramani za mashamba ya wanachama, nani atalipia simu na mafunzo ya makarani, na kumbukumbu zitarudishwaje kwa chama siku kampuni itakapoondoka.