Uwezo wa Kazi na Foleni ya Wateja: Mada Iliyotolewa kwa Wafanyabiashara wa Kikorongo, Bwera na Mpondwe



Kikorongo, hapa tulipokutana, ni njia panda ya nchini Uganda, iliyo karibu na mstari wa Ikweta. Barabara itokayo Mbarara kupitia Katunguru kwenda Kasese hutoa hapa tawi la kuelekea Bwera na Mpondwe, ambako mtu akivuka mto Lhubiriha huwa amekwisha fika Kasindi katika nchi ya Kongo, na mbele yake ziko Beni na Butembo. Bidhaa nyingi za pande hizi hazina budi kupita njia hiyo moja, na kwa kuwa gulio la Mpondwe ni la Jumanne na Ijumaa, watu hawaji kwa kipimo kilicho sawa kila siku, bali hufurika siku hizo mbili, na siku zilizobaki wauzaji hukaa wakiwatazamia. Mintarafu ya jambo hilo ndipo nilipoombwa niseme: mfanyabiashara aupange vipi uwezo wa kazi yake, yaani wingi wa huduma anaoweza kuutoa kwa saa au kwa siku, na awatendeeje wateja wanaongoja.

Rai yangu ni hii. Maadamu wateja huja bila ahadi, na maadamu kazi ya mmoja huchukua muda mrefu kuliko ya mwenziwe, tofauti hizo sharti zilipiwe kwa kitu, na vitu vyenyewe ni vitatu tu: nafasi ya ziada ya kazi, ambayo saa nyingine hukaa bure, akiba ya bidhaa iliyowekwa ghalani kabla ya kuhitajiwa, au muda wa mteja. Tajiri asiyechagua mojawapo ya viwili vya kwanza kwa hiari yake huwa amekwisha chagua cha tatu, na gharama yake haimo katika daftari lake, kwa sababu anayeilipa ni mteja, mpaka siku atakapochoka kuilipa akahamia kwa jirani.

Chukueni mashine ya kusaga mahindi na muhogo siku ya gulio. Mteja huliacha gunia lake katika safu limshikie zamu, akaenda sokoni kununua chumvi na sabuni, akirudi huliona limesogea hatua mbili, na mwenye mashine akimwona mtu huyo amekunja uso hudhani kuwa tatizo ni ukosefu wa subira. Tuseme, kwa hesabu ya mfano tu, kuwa gunia moja huchukua kwa wastani dakika 6, hivyo mashine yaweza kusaga magunia 10 kwa saa. Wakija wateja 5 kwa saa, kila mmoja akiwa na gunia lake, kila mmoja atangoja zamu yake kwa wastani dakika 6. Wakija 8, atangoja dakika 24. Wakija 9, dakika 54. Na wakija 9 na nusu, yaani 19 katika saa mbili, atangoja dakika 114. Tazameni ajabu yake: kati ya 8 na 9 ameongezeka mteja mmoja tu kwa saa, na kungoja kumezidi maradufu, ilhali mashine bado ina nafasi ya gunia moja zima. Kwa hiyo anayejisifu kuwa mashine yake haipumziki hata dakika, kama wengi wafanyavyo, anajisifu kwa jambo lile lile linalowafukuza wateja wake.

Hesabu hii si yangu. Ilianzwa na Mdenmarki mmoja, Agner Krarup Erlang, aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, na mwaka 1909 akatoa andiko lake la kwanza juu ya simu zinazopigwa bila mpango na jinsi ya kukadiria wingi wake. Swali lake lilikuwa swali la mwenye duka: waya ngapi, na watumishi wangapi, watosheleze watu wasiojulikana watapiga saa ngapi? Mwaka 1961 Mmarekani John Little akathibitisha kanuni nyepesi ambayo kila mmoja wetu anaweza kuitumia bila kalamu: idadi ya waliomo ndani ni sawa na idadi ya wanaoingia kwa saa, ikizidishwa kwa saa anazokaa kila mmoja. Magunia 30 yakiwa sakafuni na mashine ikisaga 10 kwa saa, anayeingia sasa atatoka baada ya saa 3 hivi. Aambiwe hivyo mlangoni, wala asidanganywe kwa neno la "sasa hivi", kwani mtu aliyepewa saa ya kweli huenda kufanya shughuli zake kwa faraja, na aliyedanganywa hukaa hapo hapo akiihesabu dhuluma yake.

Jambo jingine wengi hawalijui, nalo halina gharama yoyote. Wenye mashine mbili aghalabu huziwekea foleni mbili. Wakija wateja 18 kwa saa, wakajigawa sawasawa, kila mmoja atangoja dakika 54 kama tulivyoona. Lakini wakipangwa katika safu moja, na aliye mbele akaenda kwenye mashine yoyote iliyo tupu, kungoja hushuka hadi dakika 26 takriban. Mashine ni zile zile, wasagaji ni wale wale, na hakuna anayeumia kwa kuchagua foleni iliyokwama nyuma ya mtu mwenye magunia matano. Haki nayo imo ndani yake, kwani aliyetangulia kufika ndiye atakayetangulia kuhudumiwa.

Akiba ya bidhaa nayo ina mahali pake, na mfano bora uko jirani yetu, Katwe. Ziwa lile la chumvi limo ndani ya shimo la volkeno, na wenye vidimbwi hutegemea jua. Kiangazi chumvi huganda, masika mvua huiyeyusha, wala hakuna juhudi ya mtu iwezayo kubadili hayo. Lakini chumvi hukubali kuwekwa. Mwenye ghala kavu huuza wakati kidimbwi kimefunikwa na maji, na lori la mnunuzi halilali njiani. Kusaga hakuwekwi akiba, wala kinyozi hawezi kunyoa leo kichwa cha Ijumaa. Wenye kazi za namna hiyo wamebakiwa na nafasi ya ziada peke yake, na wasiposhika hiyo, hawana lingine ila muda wa mteja.

Katwe pia inatuonya juu ya uwezo ulioandikwa katika karatasi. Kiwanda kikubwa cha chumvi kilichojengwa hapo kwa mkopo wa Ujerumani ya Magharibi kiliharibikiwa baada ya muda mfupi, kwa kuwa maji makali ya ziwa yaliyala mabomba yake, na kina mama na wanaume wa vidimbwi wakaendelea kama walivyoendelea babu zao. Uwezo wa kweli ni ule unaobaki baada ya kuondoa kuharibika, umeme kukatika na fundi kuchelewa.

Niseme pia juu ya mpaka, kwa sababu hapo foleni si hasara ya fedha tu. Tarehe 11 Juni 2019 ilithibitishwa kuwa mtoto wa miaka 5 aliyetoka Kongo na kuletwa Bwera alikuwa na Ebola. Huko Mpondwe wasafiri walikuwa wakipimwa joto la mwili na kunawishwa mikono kabla ya kuingia. Kituo cha namna hiyo kinapoongezwa katika njia, ndicho kinachotawala mwendo wa watu wote, hata kama forodha ina wahudumu wengi, na safu ikirefuka kupita kiasi, mto unavukika kwa njia nyingine nyingi. Wanaopanga mahali kama hapo wasihesabu wastani wa juma zima. Wahesabu Ijumaa, na waweke watu wa Ijumaa. Nasi madukani tufanye vivyo hivyo: mtoto wa ndugu aliye likizo, au jirani anayejua kupima, alipwe kwa siku mbili za gulio, na mwenye mashine aipumzishe na kuitengeneza siku ya Jumatano.

Sina uwezo wa kumwambia kila mmoja wenu aongeze kiasi gani, kwani hesabu hiyo imo mlangoni pake. Ninaloliomba ni kwamba, kuanzia gulio lijalo, kila mmoja aandike katika daftari saa aliyofika mteja, saa aliyoanza kuhudumiwa na saa aliyotoka, Jumanne na Ijumaa zikiwa na kurasa zake; na aandikwe pia yule aliyefika, akaitazama safu, akageuka, maana huyo ndiye ambaye mpaka leo hayumo katika hesabu zetu.