Mtoto wa Kwenye Kigari

Msikilizaji, filamu ya Shogun Assassin husifiwa kwa damu yake, na damu kweli ipo, tena tele. Lakini mimi naitazama kwa sababu ya mtoto.

Tuanzie Japani. Mwaka 1972 Kenji Misumi aliongoza filamu tatu za kwanza za Kozure Okami, zilizotokana na vibonzo vya Kazuo Koike na Goseki Kojima. Tomisaburo Wakayama, mnene, uso haucheki, ndiye Ogami Itto, mkata vichwa wa shoguni. Ukoo wa Yagyu unamuua mkewe na kumsingizia uhaini. Itto anamwekea mwanawe Daigoro, ambaye bado anatambaa, mpira na upanga. Akishika mpira, atamfuata mama yake. Akishika upanga, atakwenda na baba. Mtoto anauendea upanga. Kuanzia hapo baba anasukuma kigari cha mbao chenye silaha zilizofichwa, akiua kwa malipo ya ryo 500, fedha ya Japani ya zamani.

Mwaka 1980 Wamarekani Robert Houston na David Weisman walichukua kama dakika 12 za filamu ya kwanza, wakaziunga na sehemu kubwa ya ile ya pili, wakatia sauti za Kiingereza; hiyo ndiyo Shogun Assassin. Ukataji wa namna hiyo kwa kawaida huharibu. Safari hii ulizaa jambo moja la akili: anayesimulia ni Daigoro. Kazi yake ni kuhesabu ninja waliouawa na baba, naye huwahesabu kama mtoto anayehesabu gololi.

Hata hivyo, mimi ni wa Misumi. Katika filamu ya pili Itto ameanguka kwa majeraha. Daigoro anakwenda kumtekea maji kwa viganja, yanavuja yote. Basi anayabeba mdomoni. Kisha anakuta chakula kimewekwa mbele ya sanamu ya Kibuddha. Anakichukua, anavua kikoti chake, anakiacha pale kuwa malipo. Haongei. Tumemwona baba akiua, hatujamwona akifundisha adabu. Mtoto ameitoa wapi? Misumi hajibu, na msimulizi yeyote pale angeharibu.

Kwa hiyo tafuta kwanza ile ya Kijapani, yenye tafsiri ya maandishi. Ya Wamarekani iweke usiku, watoto wakishalala. Katika Kill Bill ya pili ya Quentin Tarantino mtoto anaichagua hiyo hiyo aitazame kabla ya kulala, na mama anakubali. Wewe usikubali.