Nani Yuko Macho Usiku?

Msikilizaji, ukipita barabara ya Morogoro kwenda Iringa, pale inapokatiza Hifadhi ya Mikumi, jioni utawaona nyani wakielekea kwenye miti yao ya kulala. Wanapanda kwa kundi. Ndugu zao wa Amboseli, Kenya, wamefuatiliwa na watafiti tangu 1971, na huko imebainika kwamba majike wenye wenzao wa kukaa nao na kutoana chawa huishi zaidi kuliko wanaokaa pembeni.

Na sisi je? Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo kutoka kwa Wahadzabe wa Ziwa Eyasi. Watu wazima 33 walivaa mkononi kifaa cha kupima usingizi kwa siku 20. Muda ambao wote walikuwa wamelala kwa pamoja ulikuwa dakika 18 tu! Huyu kaamka mapema, yule anajigeuza. Hakuna aliyepangiwa zamu, ila ilikuwa nadra mlinzi kukosekana.

Sasa mfikirie mzee wa Kimamba, kule kwenye mashamba ya mkonge. Mke ametangulia mbele ya haki, watoto wako Dar. Panya akipita darini, ni yeye tu wa kusikia. Anasinzia, anashtuka, anasinzia tena. Kotisoli, homoni inayouandaa mwili kwa hatari, ambayo usiku ilitakiwa kushuka, inaweza kubaki juu. Kazi yake mojawapo ni kuliamuru ini limwage sukari kwenye damu. Na kwa mtu asiyelala vizuri, insulini ya kuishusha sukari hiyo huzidiwa. Asubuhi anakunywa chai ya sukari nyingi na kiporo, maana kumpikia mtu mmoja kunachosha. Presha na kisukari hupenya hapo.

Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2025 kwamba upweke unahusishwa na vifo zaidi ya 871,000 kila mwaka. Kuishi peke yako si lazima kuwe upweke, lakini. Wapo wenye jirani wa kuitana uani, nao wanalala fofofo.

Ule utaratibu wa mjukuu kwenda kulala kwa bibi tuliuona ni wa kuchota maji tu. Urudisheni. Na mkimpeleka mzee zahanati kupima presha, mwelezeni mhudumu anaishi na nani, na usiku huamka mara ngapi. Dawa za usingizi msimnunulie dukani kabla ya hapo.