Vitu Viwili Sako kwa Bako

Wahitimu mnaotoka Ekerenyo kwenda kufundisha fasihi: lipo zoea moja la darasani ambalo nawasihi mlivunje. Mwanafunzi akionyeshwa vitu viwili vilivyowekwa sako kwa bako, huulizwa vinatofautianaje. Akishataja tajiri na maskini anapewa alama, na somo linasonga mbele. Hapo kazi ya uhakiki haijaanza. Chukueni picha ambayo Johnny Miller aliipiga kutoka angani katika mradi wake wa Unequal Scenes: upande huu nyasi za Royal Nairobi Golf Club, upande ule mabati ya Kibera. Tofauti hiyo haihitaji mwalimu. Kinachomhitaji ni chanzo chake. Klabu hiyo ilianzishwa mwaka 1906, nayo Kibera ilianza kama makazi ya askari Wanubi waliolitumikia jeshi la Waingereza bila kupewa hati za ardhi. Aliyegawa ardhi pande zote mbili ni mtawala mmoja. Mwanafunzi asipofikishwa hapo, picha itamfundisha kwamba umaskini ni kitu cha maumbile, kama kilima.

Fasihi nayo ndivyo ilivyo. Clara Momanyi anapoiita hadithi yake “Mapambazuko ya Machweo”, wanafunzi huandika “ukinzani” na kufunga daftari, ilhali swali lenyewe ni nani anapambazukiwa, nani anachwelewa, na kwa sababu gani.

Mtaambiwa kwamba mtihani wa KCSE hauna muda wa hayo. Sikubali: swali linalomtaka mtahiniwa ajadili haliridhiki na jina la mbinu. Pingamizi zito zaidi ni kwamba mwalimu atapenyeza siasa zake, na hofu hiyo ina msingi. Ndiyo maana kila dai sharti lionyeshwe mahali pake kwenye picha au matini, na mwanafunzi awe huru kumhoji hata mpiga picha. Miller, kwa kupanda juu kiasi kile, ametuonyesha mapaa tu. Watu wa Kibera, na kazi za mikono yao, hawamo. Hilo nalo ni uamuzi, na lastahili kujadiliwa kwa ukali uleule.

Wala msingoje projekta. Chai ya shamba dogo la Nyamira na chai ya mashamba makubwa ya Kericho ni mmea uleule. Bandikeni picha zake mbili ubaoni, muulize kwa nini hii huchumwa na mwenye shamba na jamaa zake, na ile na kibarua au mashine. Kisha wapeni wanafunzi muda wa kujibu wenyewe.