Haki ya Mateka na Damu ya Waliouawa

 



Tumeombwa tuzungumzie haki za binadamu na sheria za vita pale dola zinapopambana na ugaidi. Mada hii ni bahari, nasi tumeona tuibane kwenye jambo moja: hali ya mtu aliyekwisha kukamatwa, silaha hana, mikono imefungwa, naye anatuhumiwa kwa jambo ovu kabisa. Je, mtu huyo ana haki yoyote? Na akinyimwa haki hiyo, ni nani hasa anayepata hasara?

Tuanze na yaliyotufika sisi wenyewe. Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yalilipuka katika balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam. Watu 224 waliuawa, 213 Nairobi na 11 Dar es Salaam. Wengi mno kati yao walikuwa Waafrika waliotoka majumbani mwao asubuhi ile kutafuta riziki, na Waislamu walikuwemo. Damu ile ilimwagwa kwa dhulma. Asiyeweza kulitamka hilo waziwazi juu ya mimbari hana uso wa kuyasema haya yanayofuata.

Miongoni mwa watuhumiwa alikuwemo Ahmed Khalfan Ghailani, mzaliwa wa Zanzibar. Alikamatwa nchini Pakistan Julai 2004. Mtu angetarajia apelekwe kwa hakimu, lakini alizamishwa katika magereza ya siri ya shirika la ujasusi la Marekani, CIA, hadi Septemba 2006 alipohamishiwa Guantanamo. Ilipofika Juni 2009 ndipo aliposimamishwa mbele ya mahakama ya kawaida mjini New York.

Hapo ndipo matunda ya magereza yale yalipoonekana. Waendesha mashtaka walikuwa na shahidi wao mkubwa, aliyekuwa tayari kueleza kwamba yeye ndiye aliyemuuzia mshtakiwa baruti. Jaji Lewis Kaplan alikataa asisikilizwe, kwa sababu serikali ilimjua shahidi huyo kutokana na maneno aliyolazimishwa Ghailani kuyatoa akiwa mikononi mwa CIA. Tarehe 17 Novemba 2010 baraza la wazee wa mahakama lilimtia hatiani kwa shtaka moja tu kati ya zaidi ya 280, nalo ni la kula njama ya kuharibu majengo na mali ya serikali ya Marekani. Mashtaka ya kuua, moja kwa kila marehemu, yote hayakusimama. Kweli, Januari 2011 alihukumiwa kifungo cha maisha, na wala hatusemi kwamba shahidi yule mmoja angegeuza uamuzi. Tunalosema ni kwamba mjane wa Dar es Salaam na yatima wa Nairobi walistahiki ushahidi wote usikilizwe, na waliouziba mdomo ushahidi huo ni wale wale waliodai kuwalipizia.

Sheria ilikuwepo, wala haikuhitaji kutungwa upya. Mikataba minne ya Geneva ya tarehe 12 Agosti 1949 ina kifungu cha 3 kilichorudiwa katika yote minne. Kifungu hicho kinaharamisha kumtesa na kumdhalilisha mtu aliyeishiwa uwezo wa kupigana, na kinakataza kumhukumu bila ya mahakama iliyoundwa kihalali. Hakiulizi kwanza mtu huyo ni nani. Lakini tarehe 7 Februari 2002 Rais George W. Bush alitia saini waraka uliosema kwamba kifungu hicho hakiwahusu wafungwa wa al-Qaeda wala wa Taliban. Ilipita miaka minne na zaidi kabla Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Myemeni Salim Hamdan, dereva wa Osama bin Laden, kuamua tarehe 29 Juni 2006 kwamba kinawahusu. Wakili aliyemtetea dereva huyo alikuwa ofisa wa jeshi la wanamaji la Marekani, Charles Swift. Tunalitaja kwa makusudi, maana wako kati yetu wanaozungumza juu ya Wamarekani kana kwamba wote ni mtu mmoja.

Kwa mwanafunzi wa fiqhi haya si mageni. Mlango wa ikrahi unasomwa katika kila madrasa ya kiwango cha juu, na jamhuri ya wanazuoni haikubali ikrari ya aliyelazimishwa. Ama mateka, Qur'an imewasifu wanaomlisha. Mmoja wa mateka wa Badr, Abu Aziz bin Umayr, alisimulia kwamba Maansari waliomshika walimpa yeye mkate na wao wakabakia na tende, kwa kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwausia wema kwa mateka. Na mkate Madina siku zile ulikuwa adimu kuliko tende.

Iko pia hasara ya akili. Ibn al-Shaykh al-Libi alipelekwa Misri, na chini ya mateso akasema kwamba Iraki iliwafundisha al-Qaeda matumizi ya silaha za sumu. Februari 2003 Colin Powell aliyasoma madai hayo mbele ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, na mwezi uliofuata vita vikaanza. Mwaka 2004 al-Libi aliyakana maneno yake. Wakati huo Baghdad ilikuwa imekwisha kuvamiwa.

Na Khalid Sheikh Mohammed, anayetuhumiwa kupanga mashambulizi ya Septemba 2001? Alikamatwa Machi 2003, na katika mwezi huo huo alizamishwa kwa maji mara 183. Kesi yake ilipelekwa kwenye tume ya kijeshi ya Guantanamo. Mwaka 2024 yalifikiwa makubaliano ya yeye kukiri makosa, na Julai 2025 mahakama ya rufaa ikayabatilisha. Miaka 22 ilikuwa imepita tangu akamatwe, na familia za waliouawa zilikuwa bado hazijasikia hukumu.