Wiki za Mwisho za Likizo: Amana Inayopotea Kimya Kimya

(Mada iliyotolewa kwa wazazi na wanafunzi baada ya Swala ya Ijumaa, wilayani Hanang)

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola Mlezi wa viumbe vyote, Aliyemtukuza mwanadamu kwa elimu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, Sahaba zake na kila anayefuata mwenendo wao kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo, ndugu zetu katika imani, tumekutana katika siku ambazo shule zimefungwa na madrasa nyingi za vijijini nazo zimelala. Mvua zimenyesha, mahindi na maharage yameota, na kila mwenye mikono anahitajika shambani. Zimebaki wiki mbili, au tatu kwa anayehesabu kwa ukarimu, kabla ya kengele ya Januari kulia. Huenda wengi wenu mlitaraji kwamba katika siku hizi tutazungumzia mwaka mpya na sherehe zake. Hilo tutaligusa kwa ufupi. Lipo jambo jingine tunaloliona kila mwaka sisi walimu, na ni nadra kusikika mimbarini. Mtoto anayeondoka madrasa mwanzoni mwa Disemba akiwa amehifadhi Juzuu Amma nzima hurudi Januari akiwa anababaika katika Suratul-Bayyinah, na zile sura ndefu kama An-Naba na An-Naziat amezisahau kabisa. Kazi ya miezi kumi imefutika kwa wiki tano, na hakuna aliyelia.

Wala halikuwa jambo la kushangaza. Katika hadithi ya Ibn Umar (r.a.) waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) alimfananisha mwenye Qur'an na mwenye ngamia waliofungwa kamba za miguu: akiwaangalia atabaki nao, na akiwaachia watakwenda zao. Ndugu zetu Wabarbaig wanaochunga kandokando ya Ziwa Balangida wanauelewa mfano huu bila kufasiriwa, ingawa wao mali yao ni ng'ombe. Hakuna mfugaji anayeliacha zizi wazi kwa mwezi mzima kisha akastaajabu kulikuta tupu.

Basi na tuutazame mchana wa mwanafunzi wetu katika siku hizi, kwa sababu mtu hawezi kutibu asichokitazama. Wa kijijini, akiwa ni wa kiume, ameamka na baridi ya miinuko hii, amefungulia mifugo, au ameongoza ng'ombe wa plau mpaka jua lilipokuwa kali, na alasiri yuko kwenye palizi. Jioni amechoka. Akila ugali anasinzia, na Isha inampita akiwa amelala juu ya mkeka. Wa mjini, yaani Katesh, Mbulu, Haydom au Dongobesh, hana shamba la kumchosha. Huyu anaamka saa tatu, anakwenda kukaa kijiweni na vijana wa bodaboda, anashinda katika banda la video au ameinamia simu ya kaka yake, na siku ya mnada anazurura huku na huko mpaka magharibi. Wa kwanza amenyimwa wakati, wa pili ameachiwa wakati bila mwenyewe. Wote wawili wanarudi Januari wakiwa na hasara iliyo sawa.

Na hapa tunapenda tusieleweke vibaya. Hatukuja kuwaambia wazazi wasiwatume watoto wao. Kumsaidia mzazi ni katika wema aliouamrisha Allah (s.w.), na palizi haimsubiri mtu. Kuna fikra imeingia kwa baadhi ya vijana wetu waliofika sekondari kwamba kuchunga ni kazi ya asiyesoma. Anaona haya kuonekana na fimbo, eti yeye ni mwanafunzi wa Kidato cha Tatu. Kijana huyu na aambiwe kuwa imepokewa na Bukhari kwamba Allah hakumtuma Nabii yeyote ila alichunga mbuzi na kondoo, na Mtume (s.a.w.) mwenyewe aliwachungia watu wa Makka kwa ujira. Nabii Musa (a.s.) alichunga Madyan miaka mingi kabla ya kusemeshwa na Mola wake. Katika hadithi aliyoipokea Abu Daud kutoka kwa Uqba bin Amir (r.a.) imo habari ya mchungaji aliye peke yake juu ya kilele cha jabali. Anaadhini kwa ajili ya swala kisha anaswali, na Mola wake anapendezwa naye na kumwonyesha kwa Malaika. Sisi tunaoishi chini ya mlima Hanang, wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, tuna haja gani ya kutafuta mfano mwingine? Mtoto aliyeko malishoni hana msikiti karibu, na huenda hata maji hana. Lakini ardhi yote imefanywa msikiti kwa umma huu, na udongo wake umefanywa twahara. Mfundisheni kutayamamu kabla hajaondoka nyumbani. Mchungaji ana saa sita au saba za ukimya kila siku, utajiri ambao mwanafunzi wa bweni haupati. Kama kichwani mwake mna sura tano, basi ana mahali pa kuzirudia ambapo hakuna atakayemcheka.

Kosa letu wazazi si kuwapa watoto kazi. Kosa ni kuyachukua masaa yote ishirini na manne kana kwamba likizo ni kibarua tulichokilipia. Imam Nawawi, ambaye vitabu vyake ndivyo vinavyosomwa katika madrasa zetu, alikuwa mtoto wa mwenye duka katika mji mdogo wa Nawa, kusini ya Damascus. Wanahistoria wameeleza kwamba alipokuwa na umri wa miaka kumi wenzake walikuwa wakimlazimisha kucheza naye akiwakimbia, analia na huku anasoma Qur'an, na baba yake alipomweka dukani biashara haikumshughulisha na kisomo chake. Sheikh mmoja aliyemwona katika hali ile alimwendea mwalimu wake akamuusia juu ya mtoto huyu. Baba naye hakuona tabu kumwachia mwanawe nafasi ya kuihitimu Qur'an. Angalieni basi: duka lilikuwepo, na mtoto alikuwa dukani. Tofauti ni kwamba pembeni yake walikuwepo watu wazima waliotambua kwamba mbele yao wana kitu cha thamani zaidi ya mauzo ya siku.

Tunakuja kwa mabinti zetu, na hapa tunaomba mtusikilize kwa makini. Mtoto wa kiume akichoka shambani, anarudi na kukaa. Binti anarudi kutoka shamba lile lile, kisha anachukua dumu la maji, anakwenda kutafuta kuni, anapeleka mahindi mashineni, anambeba mdogo wake mgongoni na kupika. Likizo kwake ni mahali ambapo kazi imeongezwa na kitabu kimeondolewa. Wanawake wa Madina walimwendea Mtume (s.a.w.) wakamlalamikia kuwa wanaume wamewashinda katika kuupata muda wake, wakaomba wawekewe siku yao ya kufundishwa, naye akawawekea. Hakuwaambia warudi jikoni. Ni nani katika sisi aliyemwekea binti yake hata nusu saa?

Na linalotisha zaidi kuliko uchovu ni kwamba wiki hizi za mwisho ndizo wiki ambazo mabinti hutoweka. Mitihani ya Darasa la Saba hufanywa Septemba, na majina ya waliochaguliwa kuingia Kidato cha Kwanza hutangazwa kabla ya shule kufunguliwa Januari. Kati ya hapo binti yuko nyumbani, amemaliza shule moja na hajaanza nyingine, na kila mtu anamtazama kama mzigo usio na mwenyewe. Ndipo anapokuja shangazi kutoka Arusha anayetafuta msichana wa kazi, ambaye ahadi zake ni tamu na mshahara wake ni mdogo. Ndipo pia anapokuja mzee mwenye ng'ombe. Tunamfahamu binti mmoja aliyekuwa akitusomea Suratul-Mulk bila ya kukosea hata irabu. Jina lake lilikuwamo katika orodha ya Kidato cha Kwanza, na sare ilikuwa haijanunuliwa. Wiki moja kabla ya kufunguliwa kwa shule alipandishwa basi alfajiri. Mama yake alituambia kuwa amekwenda kusalimia ndugu. Hajarudi mpaka leo, na sisi hatumlaumu mama yule peke yake, kwani msikiti mzima ulikuwa unajua kuwa nyumba ile haina uwezo wa kununua sare.

Wanaofikiria ndoa nao na wajue wanachokifanya. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yameweka kifungo cha miaka 30 kwa anayemuoa mwanafunzi wa shule ya msingi au ya sekondari. Lakini sisi hatutaki muwalinde mabinti kwa kuiogopa Polisi. Imepokewa katika Sahihi Muslim, kutoka kwa Anas (r.a.), kuwa mwenye kuwalea mabinti wawili mpaka wakafikia ukubwa atakuja Siku ya Kiyama akiwa karibu na Mtume (s.a.w.) kama vidole viwili vilivyounganishwa. Malezi hayo yanakatwaje katikati, katika wiki ya kwanza ya Januari, kwa bei ya ndama?

Kuhusu ile sikukuu ya majirani zetu na usiku wa kuamkia mwaka mpya, neno letu ni fupi. Katika wilaya hizi mbili Waislamu ni wachache, na jirani yako Muiraqw au Mbarbaig ambaye si wa dini yako ana haki ya salamu, ya kusaidiwa palizi na ya kujuliwa hali akiugua. Katika Suratul-Mumtahina Allah (s.w.) hakutukataza kuwafanyia wema na uadilifu wasiotupiga vita. Ama kumwacha kijana wako akeshe na muziki na pombe kwa hoja ya ujirani, huo si ujirani. Tuongeze kidogo: kwa hesabu za wanafalaki, katika mwaka 2030 Ramadhani itaingia mapema Januari na kuingia tena mwishoni mwa Disemba. Mtoto wa leo wa miaka minane atakuwa kijana wa kufunga, na likizo hizi hizi zitamkuta akiwa na mazoea aliyoyajenga sasa.

Tena msiseme kuwa wakati bado upo. Tarehe 3 Disemba 2023, asubuhi ya Jumapili, maporomoko ya matope, mawe na magogo kutoka mlima huu yaliushukia mji wa Katesh na vijiji vya jirani kama Gendabi, wakafariki watu zaidi ya 80. Baadhi ya shule ziligeuzwa makambi ya waliopoteza makazi. Miongoni mwa wale waliochukuliwa walikuwamo watoto, na jioni ya Jumamosi kila mmoja wao alikuwa na mipango ya Jumatatu. Mtume (s.a.w.) alitutaka tuyatumie matano kabla ya matano, na katika hayo akautaja ujana kabla ya uzee, na faragha kabla ya shughuli. Faragha yenyewe ndiyo hii.

Sasa tuseme linalowezekana, maana mawaidha yasiyo na mahali pa kuanzia humchosha tu msikilizaji. Katika msahafu wa chapa ya Madina, Juzuu Amma ina kurasa 23. Mtoto akirudia kurasa mbili kwa siku, moja baada ya Alfajiri na moja kati ya Magharibi na Isha, atakuwa ameimaliza kwa siku kumi na mbili, na shule bado haijafunguliwa. Mzazi asiyejua kusoma asijitoe katika jambo hili. Shika msahafu, mwambie mtoto asome, wewe sikiliza. Atakapositasita utasikia, hata kama hujui herufi. Daftari la hisabati nalo lifunguliwe japo mara moja kwa siku kabla ya jua kuchwa. Matokeo ya Darasa la Nne na ya Kidato cha Pili hutoka mwanzoni mwa Januari, na aliyeshindwa asipokewe kwa fimbo bali kwa kitabu.

Ama sare na madaftari, ni kweli kwamba ada iliondolewa kuanzia Januari 2016, lakini sare haikuondolewa, wala viatu, wala mchango wa chakula. Tumekubaliana na kamati ya msikiti kwamba kuanzia leo mpaka Ijumaa ijayo kila mwenye mtoto aliyechaguliwa Kidato cha Kwanza na asiye na uwezo amtajie Imamu, kwa siri, na asione haya. Fundi wetu wa cherehani amejitolea kushona bila ujira, iwapo kitambaa kitapatikana. Kwa hiyo wenye maduka hapa mbele wanajua wanachoombwa. Orodha ya mabinti itaanza, kisha ya wavulana. Na kila Jumamosi baada ya Alasiri sisi walimu tutakaa hapa barazani kusikiliza hifdhi. Aliyetoka malishoni na aje na fimbo yake, mbuzi watamsubiri pale nje.

Wabillahi tawfiq.